Sungura wa Kitengela

Kuna hotuba ya dakika saba hivi ambayo karibu kila mtu anayezungumza kuhusu Kitengela na wanyamapori huishia kuitaja. Ilitolewa Februari 2013 katika jukwaa la TED, Long Beach, California, na msemaji alikuwa mvulana wa miaka kumi na tatu, Richard Turere, aliyekuja kueleza jinsi alivyowazuia simba wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi wasiingie katika zizi la babake. Anazungumza Kiingereza cha shule, kwa haya kidogo, akisita kati ya sentensi na sentensi. Waandalizi waliipa hotuba hiyo kichwa kinachodai kwamba uvumbuzi wake ulileta amani na simba.

Hotuba ni nzuri kuliko kichwa chake. Nimeitazama mara nyingi, na kila nikimaliza najiuliza hiyo amani waliiona wapi. Karibu na mwisho mvulana anasema kwamba zamani aliwachukia simba, na kwamba sasa wanaweza kukaa nao bila kugombana. Sawa. Lakini kukaa bila kugombana na kuwa na amani si kitu kimoja. Yeyote anayeishi ploti zinazopakana Kitengela atakuambia hivyo.

Hebu tuisome jinsi tunavyosoma hadithi yoyote. Kuna familia inayofuga kando ya mbuga, upande wa kusini ambao hauna fensi. Pundamilia hutoka mbugani kufuata majani, simba huwafuata pundamilia, na njiani hukutana na ng'ombe. Mvulana ndiye mwenye jukumu la mifugo. Asubuhi moja anaamka anakuta fahali ameuawa, na huyo alikuwa fahali pekee waliyekuwa naye. Anawaza moto, moto unawasaidia simba kuona vizuri ndani ya zizi. Anawaza sanamu, lile la kufukuza ndege shambani. Usiku wa kwanza simba wanaliona wanarudi, usiku wa pili wanang'amua kwamba jamaa huyu hasogei. Kisha usiku mmoja anazunguka zizi na tochi mkononi, na simba hawaji. Anagundua kwamba wanaogopa mwanga unaosogea. Sasa huyu ni mtoto ambaye tayari aliwahi kufungua redio mpya ya mamake hadi akakaribia kuliwa mzima, kwa hivyo anajua vitu vinavyofungwaje ndani. Anachukua betri kuukuu ya gari, kisanduku cha indiketa cha pikipiki, swichi, balbu za tochi zilizovunjika na sola ya kuchajia betri. Balbu anazielekeza nje. Zinawaka na kuzima kwa zamu, na simba anadhani kuna mtu anatembea kuzunguka zizi, kumbe mtu amelala kitandani mwake.

Majaribio matatu: la kwanza linaharibika, la pili linafaulu nusu, la tatu linashinda. Mnyonge anamshinda mwenye nguvu kwa hila. Mwenye nguvu anadanganywa aone kitu kisichokuwepo. Msomaji, wewe umemjua huyu mvulana tangu ukiwa darasa la pili. Ni Sungura. Turere alisimama California akasimulia ngano ya Sungura na Simba kwa mpangilio wake wote, na waliomsikiliza wakadhani wanasikia habari za teknolojia.

Sisemi hivi kumpunguza. Nasema hivyo kwa sababu ngano ya Sungura ina adabu yake, na sehemu ya adabu hiyo ni kwamba Simba hafi na hashawishiki. Anashindwa leo. Kesho yuko palepale, na Sungura itabidi atunge hila nyingine. Ndiyo maana ngano hizo huwa nyingi, hazina ile moja ya mwisho. Yeyote aliyelelewa nazo angejua kwamba swali la kuuliza baada ya taa kufungwa ni moja tu: je, simba walifanya nini baadaye?

Jibu lipo. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Francis Lesilau kuhusu maboma yaliyo kando ya mbuga hiyo. Taa zilifanya kazi. Mashambulizi ya usiku yalipungua sana katika maboma yaliyofungiwa. Lakini kadiri taa zilivyoenea, visa vya mchana vilichukua sehemu kubwa zaidi. Yaani simba walibadilisha saa za kazi. Kama hiyo si sura ya pili ya ngano, basi sijui ngano ni nini. Na mchana, mifugo haiko zizini chini ya balbu. Iko malishoni, na mtu aliye nayo ni mchungaji wa kuajiriwa au mtoto ambaye angepaswa kuwa shule.

Hapo ndipo hotuba inaponigusa mahali ambapo wapiga makofi hawakufika. Zawadi ya Turere ilikuwa ufadhili wa masomo Brookhouse, shule iliyo Lang'ata, ng'ambo ya pili ya mbuga ileile, upande wenye fensi. Ni zawadi ya haki na simwonei mtu kijicho. Lakini ukiangalia hadithi kwa jicho la boma, mchungaji ameondoka. Katika ngano Sungura hapewi nafasi ya kwenda kusoma akawaachia wengine zamu. Hotuba haiulizi nani alibaki na ng'ombe, na mtangazaji aliyekuwa naye jukwaani hakuuliza pia. Alikuwa na haraka ya kumpongeza.

Kuna ukimya mwingine mkubwa zaidi, ambao mvulana wa miaka kumi na tatu hawezi kulaumiwa kwao, ila sisi wasomaji tunaweza. Fahali yule aliyeuawa, nani alimlipa? Hakuna. Mwaka 1989 sheria ya wanyamapori ya Kenya ilirekebishwa, na fidia ya mifugo na mazao ikaondolewa. Ikabaki ya watu waliouawa au kujeruhiwa. Kwa hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini mwenye boma Kitengela alikuwa akilisha mnyama wa serikali kutoka mfukoni mwake, na serikali haikudaiwa hata ndewe la sikio. Sheria mpya, iliyorudisha fidia ya mifugo kwenye maandishi, ilitiwa sahihi Desemba 2013, miezi kumi baada ya hotuba. Ukijua hilo, ile picha ya fahali aliyekufa inabadilika. Ilikuwa huzuni ya mtoto kabla. Sasa ni hesabu ya nyumba iliyoingia hasara bila pa kuipeleka. Na ile hila ya taa inageuka pia. Ukiitazama hivyo, uvumbuzi ni kile anachofanya mtu aliyekwisha kunyimwa njia nyingine.

Wengi wanaosimulia Kitengela hawapendi kufika hapo. Wanapenda simba na wanapenda mvulana. Boma lenyewe, yaani uchumi wa nyumba ile, maziwa, karo, bei ya dawa ya kuogeshea, ardhi na hatimiliki yake, linakuwa pazia la nyuma tu.

Chukua habari za magazeti. Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela na wakazi waliochoka kupoteza mifugo. Machi 2016 simba mmoja maarufu, Mohawk, alitoka mbugani akafika Isinya, akamjeruhi mtu, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi. Mohawk alikuwa na jina kwa sababu ya manyoya ya shingoni mwake yaliyosimama kama mtindo wa kinyozi. Alikuwa na umri uliojulikana, miaka kumi na tatu, na wapiga picha waliomfuata kwa miaka. Mitandaoni aliliwa tanga na watu wa kutoka kila pembe ya dunia. Yule mtu aliyejeruhiwa je? Katika habari nyingi nilizosoma ni mkazi mmoja, mwanamume mmoja, mwendeshaji pikipiki mmoja. Simba ana jina la ukoo na mtu hana hata la kwanza. Mei 2023 ikajirudia kusini zaidi mwa kaunti hiyohiyo: Loonkiito, simba wa miaka kumi na tisa, alichomwa mikuki alipoingia boma, na katika wiki hiyo wengine sita wakauawa Mbirikani baada ya kula mbuzi kumi na mmoja na mbwa. Taarifa zilitaja mbuzi kwa idadi. Ni kweli mbuzi hawana majina kwetu sisi wa mjini. Kwa mwenye nao wanayo, au angalau wana rangi, na rangi kwa Kimaasai ni karibu sawa na jina.

Sidai kwamba kumlilia simba ni unafiki. Simba wa mbuga hii ni wachache na kila mmoja anahesabika. Ninachodai ni cha kiufundi tu: mwandishi anapompa mhusika mmoja jina, umri, wazazi na tabia, na mwingine akampa kazi yake tu, ameshaamua msomaji atakuwa upande gani, hata kabla hajaandika kitenzi cha kwanza.

Upande mwingine wa runinga kuna aina tofauti kabisa ya kusimulia shamba. Tangu 2012 kipindi cha Shamba Shape Up kimekuwa kikienda katika mashamba madogo ya familia nchini, watangazaji na wataalamu wanashinda huko siku kadhaa, banda la kuku linatengenezwa, ng'ombe wanapata hori jipya, udongo unapimwa, na mwishoni familia inasimama ikitabasamu. Mimi nakipenda. Ni mojawapo ya vipindi vichache ambapo mke na mume wanabishana kuhusu pesa za maziwa mbele ya kamera, kwa Kiswahili cha kawaida, bila mtu kuwafundisha namna ya kuongea. Kazi ya shamba inaonekana kama kazi. Lakini katika vipindi nilivyotazama adui ni mdogo: kupe, kiwavi, ukungu wa majani, minyoo. Mnyama mkubwa hayupo. Shamba lina mipaka, na nje ya mipaka hakuna kitu. Kwa Murang'a au Kakamega, pengine ni sawa. Peleka macho hayohayo Kajiado na utajenga hori zuri sana ambalo pundamilia watalishukuru.

Kwa hiyo tumebaki na filamu za wanyama zisizo na shamba, na vipindi vya shamba visivyo na wanyama. Kitengela inaishi katikati, na katikati hapo hapana mtu wa kamera.

Labda tatizo linaanzia kwenye maneno tunayotumia. Kiswahili kinasema wanyamapori, wanyama wa pori, kana kwamba pori ni mahali na shamba ni mahali pengine, na mnyama akitoka kwake amekosea njia. Magazeti nayo huongeza: simba ametoroka mbugani, simba amevamia boma. Ametoroka! Mbuga ya Nairobi ilitengwa 1946, kilomita mraba 117 tu, na tangu mwanzo ilitegemea nyanda za Athi na Kapiti zilizo kusini mwake. Wanyama walikaa mbugani wakati wa kiangazi kwa sababu ya maji, mvua ikinyesha wakavuka mto Mbagathi kwenda kuzaa na kulisha kwenye majani mafupi. Kisayansi mbuga ile ni sebule tu; jiko na vyumba vya kulala viko Kitengela, Isinya, Kipeto. Anayesema simba ametoroka anasema mtu ametoroka sebuleni kwenda jikoni. Kumbe Wamaasai waliokuta hali hiyo hawakuhitaji neno la kugawa. Kulikuwa na ng'ombe, kulikuwa na nyumbu, na mchungaji alijua mwezi gani awapishe.

Hili la kuwapisha linastahili aya yake, kwa sababu sijaliona katika filamu yoyote. Nyumbu wakizaa, kati ya Januari na Machi hivi, ndama wao hubeba virusi visivyowadhuru wenyewe, lakini ng'ombe akivipata hufa, karibu bila kukosa. Hakuna chanjo ambayo mfugaji ataipata dukani Kitengela. Kwa hivyo miezi ile ambayo majani ni mazuri kuliko yote, mfugaji huondoa ng'ombe wake na kuyaacha majani hayo kwa nyumbu. Hakuna damu hapo wala mngurumo, na hakuna usiku wa kutisha. Ni hasara ya polepole ya maziwa na uzito, kila mwaka, na haipigiki picha. Simba anaua fahali mmoja na dunia inasikia. Nyumbu anakula sehemu ya kila mtungi wa maziwa na hakuna anayetunga hotuba. Kama ningeambiwa nichague mhusika wa riwaya ya Kitengela, ningemchagua nyumbu.

Naye nyumbu amekwisha karibu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya 20,000 katika nyanda hizo. Kufikia 2011 walikuwa chini ya 5,000. Hakuna mkuki uliowamaliza. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa 1988, kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake, na vipande vikaanza kuuzwa: ekari, nusu ekari, kisha ile ploti yetu maarufu ya hamsini kwa mia. Sensa ya 2009 ilikuta mji wa Kitengela haujafika watu 60,000. Ya 2019 ikakuta wamepita 150,000. Kila mmoja ana haki ya pahali pa kulala, na kila mmoja alianza na fensi kabla ya nyumba, kwa sababu Kenya bila fensi ploti yako inaweza kupata mwenyewe mwingine. Ndiyo hadithi ya wanyama wa Kitengela ukiitaka kwa ufupi, na wahusika wake ni mawakili wa ardhi, mabroka, mafundi wa waya na watu wema wanaotafuta mahali pa kulea watoto karibu na Namanga Road. Simba hayumo kabisa.

Ni nani ameiandika? Henry ole Kulet alikaribia. Riwaya yake Vanishing Herds, iliyotoka 2011 na kupata tuzo ya Jomo Kenyatta, inawafuata Norpisia na Kedoki, mke na mume vijana wanaoswaga mifugo yao wakitafuta mahali pa kukaa huku misitu ikikatwa mbele yao. Nguvu ya kitabu ni kwamba mifugo ndiyo mwendo wake. Sura zinakwenda kwa kasi ya ng'ombe. Ukame si mandhari, ni njama. Na Norpisia ana akili kuliko mumewe, jambo ambalo ole Kulet hakulificha. Udhaifu wake, kwangu mimi, ni kwamba kila baada ya kurasa kadhaa mtu husimama kuhutubia kuhusu mazingira, na hotuba hizo zina harufu ya semina. Pia wahusika wako safarini. Bado namngoja mwandishi atakayeandika mfugaji aliyekaa, mwenye ekari sitini na hatimiliki, ambaye hana pa kuhama kwa sababu pande tatu kuna waya na upande wa nne kuna mbuga. Na ndiyo, namngoja aandike kwa Kiswahili. Ole Kulet aliandika kwa Kiingereza, Turere alihutubia kwa Kiingereza, utafiti wa taa uko kwa Kiingereza. Sokoni Kitengela, Mmaasai, Mkamba, Mkikuyu na Msomali wanapouziana mbuzi hawasemi Kiingereza.

John Mbaria na Mordecai Ogada nao waliandika The Big Conservation Lie, kitabu cha hasira na hoja, wakiwashutumu wanaouza uhifadhi wa Kenya kama kazi ya wageni na kuwafuta wenyeji kwenye picha. Kilihitajika. Ila ni kitabu cha mashtaka, na katika mashtaka mwenyeji huitwa kama shahidi: anaulizwa alichotendewa, haulizwi jana alikamua lita ngapi. Ukitaka kujua nyumba moja inaishije, hutapata humo, wala hawakuahidi.

Andiko ambalo mimi naona limesema kweli zaidi kuhusu boma na wanyama wa Kitengela halikuandikwa na mwandishi. Ni mkataba. Kuanzia mwaka 2000, mpango ulioanzishwa na Marafiki wa Mbuga ya Nairobi uliwalipa wenye ardhi kusini mwa mbuga shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, kwa masharti kwamba wasiweke fensi, wasilime, wasichimbe mawe, wasiuze, na wawaache wanyama wapite. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, yakipangwa yaendane na wakati wa karo. Soma masharti hayo kama shairi, ukipenda. Kila sharti linataja jambo ambalo mwenye ardhi alikuwa akishawishiwa kulifanya: fensi, jembe, machimbo, broka. Hakuna neno hata moja kuhusu kumpenda simba. Na ule utaratibu wa karo unajua kitu ambacho filamu zote hazijui, kwamba swali la wanyama katika nyumba hujadiliwa Januari, Mei na Septemba, mama akiwa na barua ya shule mkononi.

Udhaifu wa andiko hilo uko kwenye namba. Ekari sitini mara 300 ni 18,000 kwa mwaka. Fahali mmoja mzuri leo anazimeza zote na kudai nyingine. Na ekari moja ikiuzwa pale kando ya lami, pesa zinazoingia siku moja mkataba haungezileta hata mwenye nayo akiishi miaka mia. Mkataba ulijua kusema kweli, lakini haukuwa na pesa za kuitetea. Mwaka 2020 rasimu ya mpango mpya wa kusimamia mbuga ilizua mjadala mkali kuhusu kufunga ule upande wa kusini kwa fensi, na nikasoma makala nyingi za kupinga, zilizoandikwa vizuri, na watu wengi wao wanaoishi ndani ya fensi. Nilikubaliana nao. Lakini sikuweza kuacha kuona kwamba anayeombwa kubaki wazi kwa niaba yetu sote ni yuleyule mwenye boma, na makala zile zilimshukuru katika aya ya mwisho kama unavyomshukuru aliyekuandalia chai.

Nirudi kwa Turere, kwa sababu kuna sentensi moja katika hotuba yake ambayo naithamini kuliko zile balbu. Anasema kwamba majirani walisikia, na mmoja wao alikuwa nyanyake, ambaye mifugo wake wengi walikuwa wameuawa na simba. Akamwomba amfungie taa. Akafunga. Kufikia wakati wa hotuba maboma saba ya mtaa wao yalikuwa nazo. Hiyo ndiyo sehemu yote. Picha inabadilika, anaendelea.

Nyanya huyo ni mhusika mkuu aliyepewa mstari mmoja. Yeye aliishi wakati nyumbu walikuwa maelfu. Aliiona ranchi ikipimwa kwa mnyororo na kugawanywa. Alifuga miaka yote ile ambayo sheria haikumlipa hata mbuzi, na hakuhama wala hakuuza, la sivyo kusingekuwa na zizi la kufungiwa taa. Halafu siku moja mjukuu akaja na betri kuukuu na waya, na yeye, bila shaka baada ya kuuliza maswali ambayo hakuna mtangazaji wa California angeyafikiria, akakubali. Nataka kujua aliuliza nini. Nataka kujua betri ilipokufa alinunua nyingine kwa pesa gani, na simba walipoanza kuja mchana alimtuma nani malishoni. Na nataka kujua anawaitaje hao simba, kwa sababu nina uhakika hawaiti wanyamapori.